Nzisa haamini rangi ya mtungi

Saa moja asubuhi, ukungu haujainuka juu ya mto Chania, na Nzisa Kyengo amepiga goti mbele ya mtungi wa chuma uliorudi jana kutoka Ruiru. Mtungi una mwili mweusi na mabega meupe, rangi ya oksijeni ya hospitali. Rangi hiyo haimshughulishi. Anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye shingo ya mtungi, pale zilipogongwa namba, kama mtu anayetafuta kovu la zamani.

"Rangi ni kitu cha kupakwa," anasema bila kuinua kichwa. "Mtu yeyote ananunua mkebe na brashi. Mimi nataka kujua ndani kuna nini."

Anaubingirisha mtungi hadi kwenye mizani, anasoma uzito, anatoa uzito wa chuma uliogongwa begani, kisha anasoma geji. Hesabu ikikubaliana na geji, anapiga alama ya chaki nyeupe. Isipokubaliana, mtungi unasukumwa kando ya ukuta, peke yake, na hakuna anayeugusa mpaka Nzisa aseme.

Mikono yake imepauka kama ya mtu aliyeshinda akifinyanga matope. Hapaki mafuta siku za kazi. Oksijeni iliyokandamizwa ikikutana na mafuta au grisi kwenye vali, inaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. "Wenzangu wanasema najizeesha. Afadhali kuzeeka," anasema, na hacheki.

Nzisa ana umri wa miaka 46. Ni mkaguzi wa mitungi katika kiwanda kidogo cha gesi kilicho nyuma ya ukuta wa mabati, eneo la viwanda mjini Thika. Alipoombwa mahojiano haya alitaka kuona kitambulisho cha mwandishi, akakichukua, akapiga simu kwenye chumba cha habari kuuliza kama mtu huyo yupo. Kesho yake alipiga tena, akauliza swali lile lile kwa mtu mwingine.

Kazi ya kiwanda hicho, mali ya familia ya Bwana Viren, ni kuuza hewa. Mashine inavuta hewa ya nje, ile ile inayopuliza vumbi barabarani, inaikandamiza na kuipoza mpaka inakuwa kimiminika. Kati ya sehemu mia za hewa hiyo, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Iliyobaki karibu yote ni agoni, gesi ya wachomeleaji wa chuma. Kimiminika hicho kikianza kupata joto, naitrojeni hutangulia kuchemka, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Oksijeni husubiri hadi nyuzi 183. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozitenga gesi zilizozaliwa pamoja.

"Zote hazina rangi, hazina harufu, hazina ladha," anasema Nzisa. "Ukiwekewa mbili mbele yako huwezi kuzijua kwa macho. Lazima uzihoji."

Kuihoji hewa alijifunza utotoni. Alizaliwa Kithimani, upande wa Yatta, binti wa mchimba visima. Marehemu baba yake hakuwahi kuingia kisimani kabla ya kuteremsha taa ya chemli kwa kamba. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama chini ya shimo kama maji yasiyoonekana. Taa ikizimika, siku hiyo hapakuwa na kazi, hata kama mwenye kisima angefoka. Jirani yao mmoja aliicheka desturi hiyo, akateremka bila taa. Walimtoa kwa kamba.

Nzisa aliingia kiwandani miaka kumi na tisa iliyopita akiwa mfagiaji. Alisoma maandishi ya kwenye mitungi huku akifagia, akauliza maswali mpaka fundi aliyekuwepo akachoka, akaamua kumfundisha. Leo analipwa shilingi 34,000 kwa mwezi. Kati ya hizo, 9,500 ni kodi ya vyumba viwili huko Ngoingwa, na nyingi zinazobaki humezwa na karo ya binti yake Kanini, anayesomea uhasibu.

Kazini wanamwita Mama Kanini. Akiwa hayupo, wanamwita Polisi.

Jina hilo la pili lilipata uzito Machi mwaka jana.

Ilikuwa Jumanne, kabla ya chakula cha mchana. Nzomo, dereva wa lori la kiwanda, alirudi kutoka mzunguko wa Ruiru na Kahawa akateremsha mitungi mitupu ishirini, na pamoja nayo mmoja uliojaa. Nzomo na Nzisa walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Wote ni Wakamba, wote ni watu wa Yatta, na mke wa Nzomo ndiye aliyemlea Kanini mama yake alipolazwa mwezi mzima.

"Huu umerudishwa na Sista Janice wa Wendani," Nzomo alisema. "Anasema oksijeni yake imechoka."

Nzisa aliinua uso. "Oksijeni haichoki, Nzomo."

"Mimi nakuambia alivyosema."

Nzisa alimpigia simu Janice, muuguzi msimamizi wa nyumba ndogo ya uzazi huko Kahawa Wendani. Janice alimweleza kwamba usiku uliotangulia walikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akipumua kwa shida. Walimwekea mirija puani na kufungua mtungi mpya. Kiwango cha oksijeni katika damu yake, badala ya kupanda, kilishuka.

"Geji ilikuwa inasema imejaa, hewa ilikuwa inatoka, tulikuwa tunaisikia," anakumbuka Janice, ambaye bado anafanya kazi hapo. "Lakini mtoto alikuwa anakuwa wa bluu. Nikafikiri ni mtoto. Kisha nikafikiri ni mashine ya kupima. Mtungi ndio kitu cha mwisho nilichofikiria, kwa sababu mtungi tulikuwa tunauamini."

Alichomoa mirija, akampa mtoto pumzi kwa mfuko wa mkono hadi mashine ya kuchuja oksijeni ilipoletwa kutoka wodi ya jirani. Rangi ya mtoto ikarudi. Anaitwa Mumo na sasa anatembea.

Nzisa alikata simu, akauweka mtungi ule kwenye mizani. Mtungi wa ukubwa ule, geji ikiwa imejaa, hubeba karibu kilo tisa na nusu za oksijeni. Mizani ilisema ndani kuna kilo nane na kidogo.

Kilo moja na zaidi ilikuwa imekwenda wapi, na geji haijashuka?

Alikwangua rangi ubavuni. Chini ya nyeusi kulikuwa na kijivu. Namba iliyogongwa ilikuwa ya kiwanda chao, lakini tarakimu mbili zilikuwa zimepinda kidogo, na chuma kilichozizunguka kiling'aa, kama kilichopigwa tupa juzi. Mwaka ambao chuma kilipimwa nguvu ya kuhimili mgandamizo ulikuwa umefutwa.

Mashine ya kupima gesi ilikuwa Nairobi kwa matengenezo wiki hiyo. Nzisa hakuisubiri. Alijaza gesi kidogo kutoka mtungini katika gudulia la kioo, akaenda nalo nyuma ya lango, mbali na mitungi. Akawasha kijiti cha mishikaki, akakipuliza kikabaki na kaa jekundu, akakitia ndani ya gudulia.

Oksijeni ingelifufua kaa lile kuwa mwali. Kaa lilizimika papo hapo.

Akapitisha gesi hiyo kwenye maji safi ya chokaa. Ingekuwa kaboni dayoksaidi, maji yangegeuka meupe kama maziwa. Yalibaki maangavu. Ingekuwa agoni, mtungi ungekuwa mzito kuliko wa oksijeni, na huu ulikuwa mwepesi. Ilibaki moja.

"Naitrojeni," anasema Nzisa. "Hiyo gesi ni mpole sana na ndiyo maana naiogopa. Haikabi koo, haikoholeshi. Tunaivuta kila siku na haitudhuru, mradi oksijeni iko kando yake. Ikiwa peke yake, mtu anachoka tu kama mwenye usingizi, basi."

Alisimama nyuma ya lango akiwa na gudulia mkononi, na jambo lililomtisha zaidi halikuwa gesi. Juu ya vali ya mtungi ule kulikuwa na sili ya plastiki ya njano yenye alama ya kiwanda chao. Sili hizo hukaa katika sanduku stoo. Wenye ufunguo walikuwa wawili: yeye na Nzomo.

Alikwenda ofisini kwa Bwana Viren, akafunga mlango nyuma yake na kumweleza. Mzee huyo alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Umeambia nani?"

Nzisa analirudia swali hilo polepole, kama anayelionja tena. "Sikulipenda. Nilijiuliza, kwani huyu anajua? Kwa nini asiulize mitungi mingine iko wapi? Nikasogea karibu na mlango."

Bwana Viren, ambaye sasa ana miaka 67, hakani. "Niliogopa," anasema akiwa ameketi kwenye ofisi ile ile. "Hii kiwanda ni ya baba yangu. Niliona jina lake likiisha. Na nitakuambia ukweli, niliogopa Nzisa pia. Yeye ndiye ana ufunguo. Nilifikiri, labda anakuja mbele ili nisimshuku."

Alipendekeza wasubiri mashine irudi Jumatatu ili wawe na hakika.

"Bwana Viren," Nzisa alimjibu, "Jumatatu kutakuwa na maiti."

Mzee akavuta simu. Aliwapigia wateja wote wa mzunguko ule mmoja baada ya mwingine na kuwaambia wasifungue mtungi wowote mpya. Mitungi ishirini na mitatu ilikuwa nje. Mteja mmoja tu hakushika simu: familia ya mwalimu mstaafu wa Kahawa Sukari, anayepumua kwa msaada wa oksijeni nyumbani kwake.

Nzisa alipanda lori pamoja na Nzomo, gudulia na vijiti vya mishikaki mapajani. Kwa kawaida wawili hao huzungumza safari nzima. Siku hiyo walipita Juja kimya.

Karibu na Ruiru, Nzomo alisema, "Unaniangalia mikono."

"Naangalia barabara."

"Mama Kanini, unaniangalia mikono."

Nzisa alimuuliza mahali anaposimamisha lori siku za mzunguko. Nzomo alimjibu kwamba Alhamisi hula mchana Ruiru, mkabala na duka la Kimanzi, muuzaji wa vifaa vya kuchomelea na gesi za mafundi wa magurudumu na majokofu. Kimanzi alikuwa akimwalika ndani, akimwagizia ndengu na chapati.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na lori linabaki na nani?"

Nzomo aligeuza uso kutazama kioo cha pembeni. Nzisa anasema hapo ndipo alipofunga kesi moyoni mwake.

Kahawa Sukari walifunguliwa lango na Rachael, mkaza mwana wa mwalimu. Simu ilikuwa chajini jikoni. Mzee alikuwa kitini sebuleni, mirija puani, akisikiliza redio. Mtungi aliokuwa akiutumia ulikuwa umebakiza robo. Wa akiba ulikuwa umesimama nyuma ya pazia, sili ya njano ikiwa mahali pake.

"Nilikuwa nimepanga kumbadilishia saa kumi, kabla sijaenda kuchukua watoto shule," anasimulia Rachael. "Huyu mama akaingia hata hajasalimia vizuri. Akauliza mtungi mpya uko wapi. Nilidhani ni wezi. Nilishika simu kumpigia mume wangu."

Nzisa aliutoa mtungi wa akiba hadi uani, akajaza gudulia, akatia kijiti. Kaa lilizimika. Akarudia. Likazimika tena. Rachael, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuliza maana yake ni nini. Nzisa alimwambia. Rachael aliketi kwenye ngazi. Saa yake ilisema saa tisa na dakika kumi.

Kabla jua halijatua walikuwa wamekagua mitungi yote ishirini na mitatu. Miwili ilikuwa ya uongo, mbali na ule wa Janice. Wote watatu walikuwa wameteremshwa wiki moja, kutoka mzigo wa Alhamisi iliyotangulia.

Jioni hiyo Nzisa aliandikisha taarifa katika kituo cha polisi. Alieleza kuhusu mizani, kijiti na namba iliyopigwa tupa. Alieleza pia kwamba ufunguo wa sili ulikuwa kwa watu wawili, na kwamba mmoja wao alikuwa akilishwa na Kimanzi. Nzomo alikuwa ameketi kwenye benchi hatua chache kutoka hapo, akisikia kila neno.

Nzomo alilala mahabusu siku mbili, kisha akasimamishwa kazi. Nzisa aliendelea kuja kazini, lakini naye alipekuliwa mkoba kila jioni langoni kwa amri ya Bwana Viren. Hakulalamika. "Ningekuwa yeye ningenipekua pia," anasema.

Wiki tatu baadaye ukweli ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazama. Duka la vifaa vya ujenzi jirani na Kimanzi lilikuwa na kamera, na mwenye duka alikuwa amehifadhi picha za miezi miwili. Zilionyesha Nzomo akiingia kula. Zilionyesha watu wawili wakitoka uchochoroni, wakipanda lori, wakiteremsha mitungi mitatu na kupandisha mingine mitatu. Nzomo alitoka akijifuta mdomo, akawasha lori, akaondoka. Hakutazama nyuma.

Kwa mujibu wa mashtaka, Kimanzi alikuwa na mitungi ya naitrojeni iliyopitwa na muda wa kupimwa nguvu, ambayo hakuna kiwanda kingekubali kuijaza tena. Anadaiwa kuipaka rangi na kuibadilisha na mitungi halali, bila kujali ingeishia pua ya nani. Vali za gesi hizo mbili zina nyuzi za skrubu zinazolingana, kwa hiyo regulita ya oksijeni, kifaa cha kupunguza mgandamizo, iliingia bila shida. Amekana mashtaka na kesi inaendelea.

Nzomo alirudishwa kazini na kulipwa mshahara wake wote. Siku ya kwanza Nzisa alimfuata karakana akamwomba msamaha. Nzomo alikuwa akibadilisha gurudumu.

"Ulifanya kazi yako," alimwambia.

"Nilikosea, Nzomo."

"Ulinipima kwa mizani ya mitungi, Mama Kanini. Mimi ni mtu."

Akainama tena kwenye gurudumu. Wanasalimiana. Wanapakia lori pamoja. Lakini Nzomo sasa hula chakula chake ndani ya lori, milango imefungwa, na Nzisa hula stoo.

Alipoulizwa na mwandishi, Nzomo alijibu hivi. "Mtoto wa Wendani yuko hai, mwalimu yuko hai. Siwezi kusema alifanya vibaya. Lakini mke wangu alikuwa anaulizwa sokoni kama mume wake anauza hewa ya kuua watoto. Hiyo haifutiki na pole."

Na kuna jambo ambalo kamera haikulionyesha: sili za njano. Zilizokutwa kwenye mitungi ile mitatu zilikuwa halisi, na mtu fulani alizitoa stoo. Polisi hawajampata. Sanduku sasa lina kufuli mbili, na hakuna mtu anayeweza kulifungua peke yake. Kiwanda kina wafanyakazi kumi na wanne. Nzisa anawataja wote kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kisha anatikisa kichwa.

"Nakunywa chai na hao watu," anasema. "Mmoja anajua. Ananiuliza habari ya asubuhi, namjibu nzuri."

Hata hivyo, hakukaa na shaka yake stoo. Tangu Agosti mwaka jana, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, anakwenda Ruiru, Kahawa au Juja kuwafundisha wauguzi na jamaa wanaouguza watu nyumbani. Halipwi, Bwana Viren hutoa nauli na kifaa kidogo cha kupimia oksijeni. Anawaonyesha namba iliyogongwa, hesabu ya uzito, na namna ya kukisoma kifaa. Kijiti cha moto anakionyesha yeye mwenyewe, uani, na anawakataza kabisa kukijaribu wodini.

Somo lililo gumu zaidi kwao, anasema, si la gesi. Ni kumwambia mtu unayemjua na kumheshimu, "Ngoja kwanza, nipime."

Mpango wake ni kwamba kufikia mwisho wa mwaka huu kila mteja wa mzunguko wa Ruiru awe na kipimo chake, hata kama ni cha kuchangiana watatu. Vimepatikana vinne. Vinahitajika kumi na kimoja. Yeye mwenyewe amejiandikisha kwa kozi ya jioni ya ukaguzi wa ubora, na mtihani wake wa kwanza ni Novemba.

Wiki iliyopita alipeleka mitungi miwili Wendani. Janice alitoka, akamsalimia, akamuuliza habari za Kanini. Kisha akakataa kutia sahihi kabla ya kupima. Kifaa chake kilikuwa wodini na mgonjwa hakuweza kuachwa, kwa hiyo Nzisa alisubiri dakika arobaini juani, amekalia tairi, mpaka muuguzi huyo aliporudi na kuupima kila mtungi mbele yake. Yote miwili ilisoma asilimia 99.

"Nzomo alikuwa ndani ya lori, aliona yote," anasema Nzisa. "Aliteremsha kioo akaniambia, 'Sasa umejua vile inahisi.' Ni maneno mengi zaidi ambayo amenipa tangu mwaka jana."

Anafunga daftari lake la uzito na kusimama, magoti yakilia.

"Ninachotaka ni hizo dakika arobaini," anasema. "Niketishwe juani hivyo kila nyumba, kila hospitali. Wasinionee haya."